Gari Langu Si Ukuta

Nilifukuzwa kazi na mtu ambaye nilikuwa nimetoka kumwokoa.

Si kesho yake, wala baada ya kuitwa ofisini. Palepale barabarani, damu ya puani haijamkauka, na mkono wake mmoja umeshika bega langu ili asianguke.

Msinipe pole kwanza. Someni mpaka mwisho, halafu mniambie nani siku ile alikuwa na akili timamu, maana mimi mpaka leo nikikumbuka hasira zinanipanda upya.

Nilikuwa dereva wa brekdauni, lile gari la kuvuta magari mabovu na yaliyopata ajali. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, na kuna kitu nimekiona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Watu wanapona ajali ya kwanza, halafu wanakufa kwenye ya pili.

Gari limegonga, wote wametoka wazima, wanamshukuru Mungu, wanapiga simu nyumbani wakiwa wamesimama katikati ya lami. Mara linatokea gari jingine, dereva wake hana habari, na hadithi inaishia hapo.

Halafu msibani utawasikia: "Ndiyo hivyo, ajali haina kinga."

Huo msemo unanichefua. Ya kwanza labda haina kinga. Ya pili inayo, tena rahisi: koni, taa, gari zito lililokaa mahali pake, na watu waliokubali kutoka barabarani.

Lakini nenda kawaambie.

Kuna wanaoweka ile pembetatu nyekundu ya tahadhari karibu na bampa kabisa, unaweza kuigusa ukiwa umekaa kwenye buti. Ukiuliza kwa nini hujaipeleka mbali, jibu ni lile lile: "Itaibwa."

Sawa, pembetatu haitaibwa. Na wewe je?

Kwa sababu ya kelele zangu hizi, kazini wakanibatiza Mzee wa Koni. Hata nyumbani, maji yakimwagika jikoni, mke wangu anawaambia watoto, "Msipite hapo, baba yenu hajaweka koni." Wanacheka wote, na mimi nacheka nao. Lakini maji nayafuta.

Sasa nikueleze nilivyokuwa nafanya kazi, maana ugomvi wote umeanzia hapo.

Nikifika kwenye ajali, kabla sijagusa winchi, brekdauni nalikalisha nyuma ya gari lililoumia, upande ule magari yanakotokea. Nalikalisha mshazari, tairi za mbele nimezikunja kuelekea mtaroni. Likija balaa kutoka nyuma, litagonga chuma, na chuma kitaelekea mtaroni. Hakitaelekea kwa watu.

Halafu koni. Naanzia mbali, huko ambako dereva bado hajaiona ajali, narudi nazo kidogo kidogo mpaka kwenye gari.

Watu wote wakishatoka, ndipo nalihamishia gari mbele tuanze kuvuta. Koni zinaokotwa mwisho kabisa. Hakuna aliyenifundisha, ni macho yangu tu na niliyoyaona.

Tajiri, yaani mwenye gari, alikuwa na mafundisho yake.

Yeye alitaka brekdauni likae mbele ya ajali tangu dakika ya kwanza, kichwa kimeelekea safari, likingoja kuvuta. Nyuma wagongane wao. Lile gari lilikuwa mboni ya jicho lake. Kuna basi lilituparuza taa ya nyuma siku moja tukiwa kwenye ajali, na Tajiri akashinda uani anailamba kwa macho ile taa kama mtu aliyefiwa.

"Ningekuwa mbele," nilimwambia, "lile basi lingempitia yule mama aliyekuwa anatoa mizigo yake."

"Huyo mama ni wa kwako?"

"Hapana."

"Na gari?"

"La kwako, Tajiri."

"Basi. Safari nyingine nikisikia umelisimamisha kama ukuta, mimi na wewe kila mtu na njia yake."

Mwenye nguvu mpishe.

Nilimpisha kwa sababu kazi niliihitaji. Utingo wangu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, mtu mzima na ndevu zake, anaishi kwetu. Mishahara miwili ya nyumba moja, yote inatoka kwenye winchi moja. Hiyo ikikatika, jiko letu limezimika.

Na shemeji mwenyewe ni mtu wa "ndiyo". Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia simama, anasimama, hata kama hukumaliza kusema.

Sasa twende kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa alasiri. Mvua ilikuwa imenyunya kidogo halafu jua likatoka, lami ikabaki inang'aa na kuteleza. Tukaitwa kwenye barabara kubwa, ile yenye njia mbili kila upande, mahali inapopanda kilima kisha inashuka ghafla. Ukiwa unapanda, huoni chochote cha upande wa pili mpaka uwe juu kileleni. Na ukishakiona, umeshachelewa.

Hapo chini kidogo tu ya kilele, gari dogo lilikuwa limeserereka, likabamiza pua kwenye kingo za chuma, makalio yakabaki yamekaa kwenye njia.

Ndani mlikuwa na mama mmoja fundi cherehani na mama yake mzazi. Fundi alikuwa ametoka, mzima, anatetemeka tu. Mama yake mguu ulikuwa umebanwa chini ya dashibodi. Muuguzi mmoja aliyekuwa anaelekea zamu alisimama kusaidia, akaingia kiti cha nyuma, akamshika bibi shingo asigeuke.

Waokoaji walishapigiwa simu, na walisema wako njiani. Njiani ni neno pana sana.

Nililipitia lile gari kwa macho, nikaangalia kilele, nikaangalia makalio ya gari yalivyokaa. Sikufikiri mara mbili. Nikaliweka brekdauni nyuma yake, mshazari, tairi nimekunja, hendbreki juu, taa za kuzunguka zinawaka.

"Shemeji, koni. Vuka kilele kabisa, uanzie kule upande wa pili."

"Ndiyo, shemeji."

Akazipanga vizuri, sina la kumlaumu. Magari yakaanza kuhamia njia ya pili kabla hayajafika kileleni, yanapita polepole, kazi inakwenda.

Sasa njoo kwa binadamu.

Mmoja akashusha kioo. "Wewe bwana, hilo dude lote katikati la nini? Kagari kenyewe kako pembeni."

"Linawakinga watu."

"Linawakinga na nini?"

"Na wewe."

Akacheka kwa dharau, akatoa simu, akapiga picha mlango wa brekdauni. Namba ya Tajiri imeandikwa pale kwa herufi za kusomeka mpaka mtaa wa pili. Nikajua mambo yameshafika kunakohusika.

Mwingine ameegesha gari lake, ameshuka, anarekodi video, mgongo ameupa magari yanayokuja.

"Kaka, toka barabarani. Nenda nyuma ya hizo kingo."

"Nimesimama tu, kwani nimefanya nini?"

"Kaburini nako watu wamelala tu."

Akanuna, akasogea. Nimetukanwa sana kwenye kazi hii, lakini aliyenuna bado yuko hai, na hilo linanitosha.

Simu ikaita.

"Uko wapi?"

"Kilimani, Tajiri. Kwenye ajali."

"Ajali najua. Gari langu liko wapi?"

"Liko nyuma. Kuna bibi amebanwa mguu, tunamtoa sasa hivi. Akitoka tu, nalihamisha."

"Nimeletewa picha. Watu wananipigia kana kwamba mimi ndiye niliyefunga barabara. Litoe hapo."

"Tajiri, ni hapa chini ya kilele. Nikilitoa, hawa watu wako wazi kabisa."

"Gari langu si ukuta."

Nikageuka kutazama kilele.

"Umenisikia? Niko kwenye gari nakuja huko. Nikikuta bado limekaa hivyo, ufunguo uuache kwenye kiti na uende zako."

Akakata.

Nilisimama pale na simu mkononi. Nitasema ukweli, niliogopa. Nilimwona mke wangu, niliwaona watoto, niliiona ile sura ya mwenye nyumba anapodai kodi. Kulitoa gari ilikuwa kazi ndogo sana, kuzungusha usukani na kuteremka kidogo. Hakuna ambaye angejua. Labda kusingekuja gari lolote.

Hilo "labda" ndilo lililonirudisha. Nimeshalikuta mara nyingi barabarani, limefunikwa shuka.

Simu nikaitia mfukoni, gari nikaliacha pale pale.

Nikachukua spana, nikaingia kwenye lile gari dogo, nikalala sakafuni kufungua nati za kiti ili tukirudishe nyuma. Muuguzi ananisihi niende polepole, fundi cherehani ameshika mkono wa mama yake kupitia dirishani, na bibi mwenyewe wala halii.

"Mwanangu," bibi ananiambia, "mguu vuta utakavyo, ila hicho kiatu usikikate. Hata wiki hakijamaliza."

"Hatukati, mama."

"Maana nyie vijana mnapenda kukata."

Simu ikatetemeka mfukoni. Sikupokea. Ikatetemeka tena, sikupokea. Halafu ikatulia, nikashukuru kimoyomoyo kwamba Tajiri ameelewa.

Magari nayo yalikuwa yamepungua. Yale yaliyojipanga yalishapita, njia ikawa kimya kabisa. Nati ya mwisho ikaanza kulegea.

Hapo ndipo nikasikia tairi.

Mtu wa kazi yangu hahitaji kuona. Tairi zinalia kwa namna moja tu dereva anapokanyaga breki akiwa ameshachelewa. Muuguzi akamlalia bibi kwa juu. Mimi nilibaki pale sakafuni, spana mkononi, sina pa kwenda.

Ukaja mshindo.

Brekdauni likaruka mbele, likaguna, tairi zake zilizokunjwa zikalipeleka pembeni. Likaparuza kingo pale zinapoanzia, pua ikazama mtaroni, likatulia. Lilipita jirani na sisi, upepo wake niliusikia. Lakini halikutugusa.

"Mama?" fundi cherehani akaita.

"Nipo," bibi akajibu. "Nani tena huyo?"

Nikatoka mbio. Gari moja zuri, jeupe, lilikuwa limejikunja pua nyuma ya brekdauni, moshi unatoka kwenye boneti, mifuko ya hewa imejaa ndani. Mlango ulikuwa umekwama, nikaupiga mtaimbo ukafunguka. Nikakata mkanda, nikamshika mtu kwapani, nikamvuta nje mpaka nyuma ya kingo.

Nikamgeuza uso. Tajiri.

Pua inavuja damu, macho yamemtoka, lakini mzima. Kichwa kizima, miguu mizima, mbavu anazilalamikia kidogo. Nikamuuliza kama ananijua, akanitazama vizuri, akanishika bega, akasimama.

Unadhani alisema ahsante? Ahsante ya punda ni mateke.

"Koni ziko wapi?"

Sikuelewa. "Nini?"

"Umefunga njia na gari zima kama hili, huweki hata koni moja? Navuka kilele nakutana na chuma! Ulitaka kuniua?"

"Tajiri, koni ziko kule juu, tangu..."

"Ziko wapi? Nionyeshe!"

Nikageuka kutazama kileleni.

Hamna. Lami tupu, safi, kama haijawahi kuona koni tangu itengenezwe.

Jamani, kuna wakati mtu anaanza kujitilia shaka mwenyewe. Nilizitazama kwa macho yangu zikiwekwa. Nilimsifu aliyeziweka. Na sasa hazipo, na watu wanaorekodi video wananielekezea simu mimi.

"Huna kazi," Tajiri akasema, bado amenishika bega. "Lete ufunguo. Mtu anayejiita Mzee wa Koni, hana koni. Nitakupeleka mpaka kwa trafiki, wajue ni nani anayeua watu kwenye barabara hii."

Ndipo tukasikia sauti.

Ilitoka ndani ya lile gari jeupe lililopondeka. Kubwa, kwenye spika zote, kila mtu pale kilimani aliisikia.

"Haloo? Haloo, Tajiri?"

Watu wakageuka. Ndani ya gari hamkuwa na mtu.

"Haloo, Tajiri, unanisikia? Koni nimeshaziokota zote kama ulivyoniagiza. Sijabakisha hata moja. Ila kuna gari limekuja limegonga brekdauni, sijui ni nani huyo mwendawazimu. Haloo?"

Nikatazama kileleni tena. Kwenye mtaro kule juu, shemeji alikuwa anapanda kutoka kwenye majani, tope mpaka magotini. Koni zote amezikumbatia kifuani kwa mkono mmoja, simu iko sikioni kwa mkono mwingine. Alikuwa ameruka gari lilipokuja, na hakuwa ameliona ni la nani.

Mambo yalikuwa hivi. Mimi nilipoacha kupokea, Tajiri alimpigia shemeji. Akamwambia, "Okota koni zote sasa hivi, tuone huyo shemeji yako atakaaje hapo bila koni." Shemeji akasema ndiyo. Na Tajiri hakukata simu, alikuwa anamhimiza kupitia spika za gari, "Umeokota? Umemaliza?" huku anapanda kilima kwa mwendo wa hasira, upande wa njia ambayo yeye mwenyewe ameagiza isiwe na alama.

Shemeji alipoondoa ile ya mwisho kabisa, gari lililofuata lilikuwa la Tajiri.

Yule mrekodi video akashusha simu yake mwenyewe, nadhani kwa kumwonea mtu mwingine aibu.

"Haloo?" spika zikaendelea. "Tajiri?"

"Kata simu, shemeji," nikampigia ukelele. "Yuko hapa."

Ungedhani yaliishia pale, mtu aseme basi, tumekosea, yaishe. Tajiri akafuta pua kwa mkono wa shati, akanitazama, akasema:

"Hata hivyo. Ungelitoa gari nilipokuambia, mimi ningepita."

Wallahi, utamjibu nini mtu wa namna hiyo? Kinga ikifanya kazi, hakuna maiti wa kumwonyesha.

Aliyejibu ni fundi cherehani. Alikuja polepole, akaonyesha lile gari lake dogo, limekaa kwenye njia ile ile, na ndani yake muuguzi bado ameshika shingo ya mtu.

"Ungepita wapi, baba?" akamuuliza. "Mama yangu yumo mle."

Tajiri akatazama gari dogo. Akatazama brekdauni mtaroni. Akatazama gari lake.

Halafu akanyoosha kiganja kwangu. Ufunguo.

Nikampa. Nikachukua koni mikononi mwa shemeji, nikavuka kilele, nikazipanga upya moja baada ya nyingine, mtu asiye na kazi. Nilikuwa nalia, sifichi. Si huzuni, ni hasira. Nikarudi nikafungua ile nati iliyobaki, tukamtoa bibi, mguu umevimba lakini haujavunjika, na kiatu chake mguuni.

Waokoaji walifika baadaye. Walikuwa njiani.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linaloniuma mpaka leo. Mimi nilifukuzwa. Shemeji hakufukuzwa. Tajiri alisema yule ndiye mfanyakazi, anasikia anachoambiwa. Brekdauni lilipotoka kutengenezwa, akampa ufunguo yeye.

Nyumbani ilikuwa vita ya kimya. Mke wangu yuko katikati, huku mume, huku mdogo wake. Shemeji alinijia sebuleni, hakukaa hata kwenye kiti.

"Shemeji, angenifukuza."

"Najua."

"Tungekula nini?"

"Najua, bwana. Lakini ungeniambia tu. Ungepiga kelele kutoka huko juu, 'natoa koni'. Tungejua tuko wazi."

Akainamisha kichwa. Nami nikaishia hapo, kwa sababu chakula cha usiku ule kilikuwa ni cha mshahara wake.

Siku hizi nafanya vibarua gereji, mikono inajua kazi, hatulali njaa. Lakini juzi nilishindwa kujizuia. Nikamuuliza, "Ukifika kwenye ajali, gari unaliwekaje?"

"Nyuma. Mshazari."

"Na Tajiri akipiga?"

"Simu naiacha ndani ya gari, shemeji," akasema, anakwepa macho yangu. "Na mimi ndani ya gari sikai. Nakuwa kule juu, kwenye koni."

Huyo ndiye mtu wa "ndiyo". Nilimsogezea bakuli la mboga.

Ndugu yangu unayesoma, ukipata ajali au ukimkuta aliyepata, washa taa, toa watu barabarani, peleka alama yako mbali kuliko unavyoona inatosha. Na ukiona njia imetulia, usiharakishe kuiokota.

Wewe uliyeko pale ajali umeshaiona, hiyo koni si ya kwako. Anayeihitaji hajafika. Yuko nyuma ya kilima, ana hasira zake na simu yake iko hewani, na ana hakika kabisa kwamba njia ni nyeupe.